Choo Kilichokataa Kutulia

Hadithi hii ni ya kweli. Kweli tupu, kweli kavu, haijatiwa chumvi hata chembe. Anayeisimulia ni mzee mstaafu mwenye mvi zake, na ameapa mbele ya majirani. Akikutwa na uongo, hata wa neno moja, atakisugua choo kinachosimuliwa humu kila asubuhi, kwa mikono yake mwenyewe, mpaka mwenye choo aseme basi.

Haya, tega sikio.

Palikuwa na fundi wa magari aliyeitwa Grisi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilisahaulika zamani. Mikono yake ilikuwa na weusi ambao hakuna sabuni iliyoweza kuutoa. Watu wakamwita Grisi, naye akaitika. Gereji yake ilikuwa mbele, barabarani. Nyuma ya gereji palikuwa na vyumba viwili, ua mdogo, na pembeni mwa ua, choo.

Asubuhi ile Grisi hakutulia. Alikunywa chai amesimama. Akaweka kikombe, akaenda chooni, akarudi. Akachukua kikombe, akakiweka tena, akaenda chooni, akarudi.

"Tumbo linakusumbua?" mkewe akauliza. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameinama juu ya mashine, mguu unakanyaga, macho yakiwa kwenye pindo la sketi ya mteja.

"Tumbo zima kabisa."

"Mbona kila mara uko chooni?"

"Naenda kukitazama."

"Bado kinacheza?"

"Hakichezi. Kinatikisika kidogo tu."

"Ahaa!" Mkewe akasimamisha cherehani. "Kumbe mimi leo asubuhi nimetikiswa kidogo tu. Nikadhani napelekwa safari."

Grisi hakucheka. Keshokutwa mama yake alikuwa anatoka hospitali.

Mama alikuwa ameteleza uani akavunjika mfupa wa nyonga. Akafanyiwa upasuaji. Muuguzi akamwambia Grisi wazi: "Mama yako asichuchumae tena. Mtengenezee choo cha kukaa. Na kiwe imara, kisicheze. Akianguka tena, hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo."

Basi mwashi akaja. Akatengeneza sakafu mpya, akalaza vigae, akaacha mdomo wa bomba la maji taka umetokeza katikati. Kazi iliyobaki ilikuwa kukiweka choo na kukifunga sakafuni.

"Hapa sasa mwite fundi bomba," mwashi alisema.

Grisi akacheka. "Mimi nashusha injini ya lori peke yangu. Choo ni nini? Hakina hata gia!"

Akakifunga mwenyewe, na alikifunga kigereji. Aliichukua ile pete ya raba inayokaa kati ya choo na bomba, akaipaka grisi mpaka ikang'aa. Akakiweka choo juu yake. Kisha akachukua spana ndefu ya kufungulia magurudumu, akazikaza nati za choo kama anafunga tairi la lori.

Choo kikacheza. Sakafu ile ilikuwa na mteremko kidogo, ili maji ya kuoshea yakimbilie upande mmoja. Kwa hiyo chini ya choo kulikuwa na uwazi. Grisi akakunja kipande cha boksi la vipuri, akakichomeka pale. Choo kikatulia. Siku ya pili boksi likalowa, likawa uji, na choo kikaanza upya. Kila mtu akikaa, kifuniko kiligonga tangi, ko! ko! ko! Kilibisha kwa nguvu hivi kwamba kuku wa mtaa mzima walikuja kupanga foleni uani, wakidhani wanaitwa kula.

Kisha harufu ikaanza. Sakafu ikawa na unyevu ambao haukukauka.

"Hilo si jasho la choo, bwana," mkewe alisema. "Mwite Shangazi Bomba."

Shangazi Bomba alikuwa fundi bomba wa mtaa. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote hapo, lakini wote walimwita hivyo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili, na aliyejisifu bila kuombwa.

"Simwiti," Grisi akasema. "Fundi mzima nimwite fundi mwenzangu? Nitaweka wapi uso wangu?"

"Utauweka hapohapo ulipo. Swali ni mama tutamweka wapi."

Grisi akatoka. Akafungua boneti ya gari moja, akaifunga bila kufanya kitu. Akafungua nyingine.

*

Mchana walikwenda hospitali kumtazama mama.

Walimkuta anatembea na fremu yake ya chuma, hatua ndogondogo, uso umekunjamana kwa juhudi. Kabla ya kuumia, mama alikuwa amejiunga na darasa la kisomo cha watu wazima. Sasa alisoma kila kilichopita mbele ya macho yake. Alisimama chini ya tangazo la ukutani, akainua kidole.

"Ta-fa-dha-li... usi-te-me... ma-te. Tafadhali usiteme mate!" Akageuka. "Mmesikia? Msiteme."

"Hatutemi, mama," mkewe Grisi akasema huku anacheka.

Mama akakaa kitandani taratibu. Akamtazama mwanawe. Grisi alikuwa anashika kitasa cha dirisha, anakiachia, anakishika.

"Wewe una nini? Umeingiwa na siafu?"

"Sina kitu, mama."

"Choo kiko tayari?"

"Kiko tayari."

"Imara?"

"Imara kama mlima." Grisi alisema hivyo akitazama nje. Mkewe akakohoa.

Mama akasema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, nimekaa humu ndani nashikwa mkono kwenda chooni kama mtoto. Wauguzi ni watu wazuri, Mungu awabariki. Lakini mimi nimelea watu, sijazoea kushikwa. Nikifika nyumbani nataka kitu kimoja tu. Niingie chooni mwenyewe, nifunge mlango mwenyewe, nitoke mwenyewe. Nikianguka tena, nitarudi kwenye kitanda hikihiki. Na safari hiyo sijui kama nitatoka."

Grisi akakiachia kitasa cha dirisha.

Njiani mkewe hakumsema. Angemsema ingekuwa nafuu. Grisi alitembea mbele, akasimama kumngoja, akatembea tena mbele. Kila alipofumba macho alimwona mama amekaa kwenye choo kile, kinapinda kushoto, kinapinda kulia, na mkono wake unatafuta kitu cha kushika.

Walipofika tu, alichukua spana ya magurudumu.

"Unakwenda wapi na rungu hilo?" mkewe akauliza.

"Nakaza kidogo. Mzunguko mmoja tu, kitatulia."

"Jana ulisema hivyohivyo."

"Leo ni wa mwisho."

Na kweli ukawa wa mwisho. Grisi alivuta spana. Choo kikalia kaa! Ufa ukaanza kwenye nati, ukapanda ubavuni, ukafika juu. Maji yaliyokuwa ndani yakaruka. Yaliruka mpaka dari, yakaloweka taa, na mjusi aliyekuwa juu akashuka akaomba taulo.

Grisi alisimama na spana mkononi, suruali imelowa, mdomo wazi.

Mkewe akaja mlangoni. Akatazama ufa. Akamtazama mumewe. Hakucheka wala hakugomba. Alisema tu, "Keshokutwa, baba."

Grisi akaiweka spana chini. "Nenda kamwite Shangazi," akasema. Halafu akabadili mawazo. "Hapana. Naenda mwenyewe."

*

Shangazi Bomba alikuja asubuhi iliyofuata na mkoba wake wa vifaa begani. Pamoja naye alikuja mzee wa jirani, mstaafu mmoja mwenye sura nzuri na akili nyingi, ambaye hupenda kusaidia watu. Mzee huyo aliliona bakuli la choo lililovunjika, akaliinua peke yake, akaliweka begani, akalitoa mpaka nje bila hata kuhema.

Shangazi aliinama juu ya bomba. Akaiokota pete ya raba. Ilikuwa imevimba na kulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Umeipaka nini hii?"

"Grisi," Grisi akasema.

"Grisi!" Shangazi akapiga kofi paja lake. "Watu hawakukosea kukuita. Hebu niambie, fundi. Raba za breki, unazipaka grisi ya beringi?"

"Hapana! Zitavimba. Zitaoz..." Grisi akanyamaza.

"Malizia, baba, malizia."

"Zitaharibika," Grisi akasema polepole.

"Basi raba ni raba. Ya breki au ya choo. Ukitaka iteleze, paka maji ya sabuni, basi. Na pete hii ikishaharibika hairudishwi. Tunaweka mpya." Akainuka. "Na nati je? Ulizikaza vipi?"

Mkewe Grisi akamwonyesha spana ya magurudumu kwa kidole. Hakutaka kuigusa.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Uwii! Choo ni udongo uliochomwa, kama kikombe cha chai. Kikombe kikubwa, kizito, lakini kikombe. Wewe ukitaka kikombe kikae vizuri mezani, unakipiga nyundo?"

"Nilidhani kadiri ninavyokaza ndivyo kitakavyoshika," Grisi akasema.

"Kilikuwa kinacheza kwa sababu chini kuna uwazi. Kukaza hakuzibi uwazi. Kukaza kunavuta udongo upinde, nao haupindi, unapasuka. Kwanza unaziba uwazi, halafu ndiyo unafunga."

"Kipya tutakipata wapi leo?"

"Ninacho stoo. Na pikapu yangu breki zinalia kama mbuzi. Wewe utashika breki zangu, mimi nitashika choo chako. Lakini choo utakifunga wewe. Mimi nitasimama nikupigie kelele. Ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote."

Kwanza Shangazi alihakikisha koki ya maji ya choo imefungwa. Akampa kila mtu glavu. Akasokota kitambaa, akakitia kwenye mdomo wa bomba.

"Hiki ni cha nini?" mkewe Grisi akauliza.

"Kuzuia harufu. Na kuzuia skrubu isitumbukie humo. Lakini mama, nikumbushe kukitoa. Kikisahaulika humo, mtaniita tena kwa matusi."

Grisi aliosha sakafu, akakwangua mabaki ya grisi na boksi, akakausha. Mikono ilikuwa na haraka. Alikwisha kulishika bakuli jipya lililoletwa kutoka stoo ya Shangazi. "Tuliweke?"

"Tuliweke, lakini kavu, bila raba. Tunajaribisha kwanza, kama mkeo anavyompima mteja kabla ya kushona."

"Hapo umenena," mkewe akasema kutoka mlangoni.

Waliliweka bakuli juu ya bomba. Shangazi akaweka pima maji juu yake, kile kipande chenye kichupa cha maji na povu dogo ndani. Povu likakimbilia upande mmoja.

"Unaona? Sakafu inateremka. Ndiyo maana lilicheza."

Akatoa kabari nyembamba za plastiki ngumu. Grisi akazisukuma chini ya bakuli, moja hapa, nyingine pale, mpaka povu likasimama katikati. Akalisukuma bakuli kwa kiganja. Halikusogea.

"Halichezi!" akasema. "Halijafungwa hata skrubu, na halichezi!"

"Usiniambie mimi. Iambie spana yako."

"Na boksi?"

"Boksi hulowa. Mti huoza. Plastiki ngumu haijali maji." Akampa penseli. "Weka alama kwenye matundu ya mguu wake. Zungushia na mstari mguu wote, ili ukilirudisha likae palepale. Na kabari uziandikie mahali pake."

Walilitoa bakuli. Grisi akashika keekee ya umeme, tayari kutoboa. Shangazi akamshika mkono.

"Subiri. Chini hapa bomba la maji safi linapita wapi?"

Grisi akaduwaa. "Sijui."

"Ulipotoboa mara ya kwanza ulijua?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa na bahati."

Mkewe alikumbuka. Mwashi alilipitisha bomba kando ya ukuta wa dirisha. Alama zilikuwa mbali na hapo. Shangazi akabandika utepe wa karatasi juu ya alama, ili ncha ya keekee isiteleze kwenye kigae. "Na anza polepole, bila kugonga. Ukishavuka kigae, ndipo uongeze nguvu."

Grisi akatoboa. Mguu wake mmoja ulitikisika wakati wote, kama mtu anayengoja basi. Akafuta vumbi, akatia matunduni vibomba vya plastiki vya kushika skrubu, vikakaa barabara. Matundu yake ya zamani, ambayo yalikuwa mapana na yamepinda, aliyaziba kwa saruji.

Shangazi alichukua pete mpya ya raba, akaipaka maji ya sabuni. "Sasa. Mkishaliinua, mlishushe moja kwa moja. Msiliyumbishe. Ukiyumbisha, raba inajikunja, na harufu inapata mlango."

Grisi na mkewe wakaliinua bakuli.

"Kitambaa!" mkewe akapiga kelele.

Wakalirudisha chini. Shangazi akachomoa kitambaa kwenye bomba. "Mama," akasema, "ukichoka na cherehani, njoo kwangu."

Bakuli likashuka moja kwa moja. Grisi akalikalia taratibu, akalibana kwa uzito wake, bila kujipinda, mpaka raba ikaingia. Kabari zikarudi mahali pake. Pima maji ikasema sawa.

"Sasa skrubu," Shangazi akasema. "Kila moja na washa yake, kile kipete cha plastiki, ili chuma kisigusane na udongo. Haya, fundi. Ukifunga kichwa cha injini, unakaza bolti moja mpaka mwisho, halafu unahamia ya pili?"

"Aaa, hapana. Kidogo huku, kidogo kule. Kwa zamu. La sivyo kinapinda."

"Basi na hapa ni hivyohivyo. Haya yote unayajua. Yamo mikononi mwako. Uliyasahau kwa haraka tu."

Grisi alipiga goti. Kushoto kidogo. Kulia kidogo. Kushoto. Kulia. Alitumia spana ndogo, ile ya kiganja. Skrubu zikagusa, zikashika. Alilisukuma bakuli. Kimya.

"Acha hapo," Shangazi akasema.

"Nafikiri mzunguko mmoja zaidi..."

"Acha hapo!"

"Robo tu."

"Mlete hapa huyo mama yenu mwenye nyonga, nimwambie mwanawe anataka robo!"

Grisi aliachia spana. Ilimuuma. Mkono ulibaki hewani, vidole vinafunguka na kujifunga, kana kwamba spana bado ilikuwamo. Shangazi akaichukua, akaitia kwenye mkoba wake.

Wakafunga tangi, wakaunganisha mpira wa maji, wakafungua koki. Grisi akavuta maji. Akavuta tena. Kila mara Shangazi alipitisha karatasi laini kuzunguka mguu wa choo na chini ya mpira. Karatasi ilibaki kavu.

"Karatasi ndiyo shahidi," alisema. "Jicho hudanganyika, karatasi hulowa."

Mwisho alipaka silikoni nyeupe, ile gundi ya kuziba maji, kuzunguka mguu. Lakini nyuma, upande wa ukutani, aliacha pengo.

"Umesahau hapa," Grisi akamwonyesha.

"Sijasahau. Siku raba ikichoka, maji yatatokea hapo na mtayaona. Ukiziba kote, yatakaa chini yakioza kimyakimya." Akafuta vidole. "Sasa hakuna kukaa hapa mpaka kesho asubuhi. Silikoni ikauke."

"Mpaka kesho! Mama anakuja kesho!"

"Kesho mchana. Leo nendeni chooni kwa huyu mzee wa jirani. Si amesimama hapo hana kazi?"

Mzee wa jirani, kwa ukarimu wake unaojulikana, alikubali.

Shangazi alikuwa amefika mlangoni alipogeuka. "Na mama akitaka kusimama, atashika nini?"

Grisi akatazama. Palikuwa na tangi tu.

"Tangi si la kushika," Shangazi akasema. "Wala bakuli. Anahitaji kishikio ukutani, cha chuma, kilichofungwa kwenye tofali, si kwenye lipu peke yake."

Grisi alikwisha kutoka. Sauti ya msumeno wa chuma ikasikika gereji, kisha nyundo, kisha tupa. Jioni haijaingia, alirudi na bomba la chuma lililopindwa vizuri, limelainishwa mpaka ukilipitishia kiganja hukuti hata mkwaruzo. Alilifunga ukutani. Akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, miguu juu. Lilishika.

"Hicho ndicho cha kukaza," Shangazi akasema.

*

Mama alifika siku ya pili, mchana. Alishuka garini na fremu yake. Hakutaka chai wala kiti. Alitazama upande wa choo.

"Nionyesheni kwanza mlima wenu."

Aliingia mwenyewe, akafunga mlango mwenyewe.

Uani, mkewe Grisi alishika pindo la nguo yake. Shangazi Bomba, ambaye alikuja kuchukua pikapu, alisahau kujisifu. Grisi alikwenda mpaka ukutani, akarudi. Akaenda, akarudi. Alisikia fremu ikigonga kigae. Alisikia kishikio kikilia kidogo, mkono umekamata. Halafu kimya. Kimya kirefu. Vidole vyake vilitafuta spana, na spana haikuwapo. Angekaza ile robo. Kwa nini hakukaza ile robo? Alipiga hatua kuelekea mlangoni.

Mkewe akamshika shati. "Mwache."

"Amenyamaza."

"Mwache, baba. Ndicho alichokitaka."

Grisi akabaki mguu mmoja mbele.

Maji yakavutwa. Fremu ikagonga tena. Mlango ukafunguka, na mama akasimama pale, wima, khanga imefungwa sawasawa.

"Hakichezi," alisema.

"Hakichezi?" Grisi akauliza.

"Nimekitikisa kulia, nimekitikisa kushoto. Nimekaa mpaka nikasoma maandishi yote kwenye tangi. Hakichezi hata kidogo." Akamtazama mwanawe. "Sasa na wewe tulia. Unanichosha macho."

Grisi akatafuta kigoda. Akakaa. Akaweka mikono juu ya magoti, na mikono ikatulia. Mkewe akamletea chai, naye akainywa yote, amekaa.

*

Hadithi ilikuwa iishie hapo. Mzee aliyeiandika aliipeleka kwa mama yule aisome, maana alikuwa anatafuta maandishi ya kujifunzia. Mama akakaa uani, fimbo yake pembeni, maana fremu alikwisha kuiacha. Kidole kikatembea chini ya maneno, mstari kwa mstari. Mzee alikaa akingoja sifa.

"Ku-ku... wa mtaa mzima," mama akasoma. Akainua uso. "Kuku wa nani? Mtaa huu una kuku?"

"Ni namna ya kusema, dada."

"Mjusi... akaomba ta-u-lo." Kidole kikasimama. "Mkwe wangu! Njoo. Siku choo kilipopasuka, maji yalifika dari?"

Mkewe Grisi akatoka na mkasi mkononi. "Yalifika kwenye suruali ya mwanao, mama. Hayakuvuka goti."

"Na huyu mzee wa jirani, mwenye sura nzuri na akili nyingi." Mama alisoma sasa bila kukwama hata kidogo. "Aliyeliinua bakuli lililovunjika, akaliweka begani peke yake. Ni nani?"

Mkewe Grisi alicheka mpaka akakaa chini. "Begani! Tulilitoa mimi na Shangazi, kwenye gunia. Yeye alikuwa kwenye kigoda kile pale, anakunywa chai yetu, anatuambia tuangalie mlango!"

Mzee akakohoa. Akakumbuka kwamba kwake kulikuwa na jambo la haraka. Akainuka.

"Kaa," mama akasema. Akarudisha kurasa mpaka mwanzo. Kidole kikashuka taratibu, kikafika kilipotaka. "'Akikutwa na uongo, hata wa neno moja, atakisugua choo... kila asubuhi... mpaka mwenye choo aseme basi.' Nimesoma vizuri?"

"Umesoma vizuri sana, dada. Mwalimu wako apewe zawadi."

"Choo hiki ni cha nani?"

"Chako, dada."

"Nimesema basi?"

"Bado, dada."

Mama akaelekeza fimbo kwenye ukuta. Brashi ilikuwa inaning'inia hapo, na ndoo chini yake.

Ndiyo maana kila asubuhi, ukipita nyuma ya gereji ile, utamkuta mzee amepiga magoti, mikono ya shati imekunjwa, anasugua. Mama hukaa nje na kitabu, akisoma kwa sauti, na bado hajasema basi. Mara nyingine, akidhani haonekani, mzee huacha brashi, akakishika choo kwa mikono miwili, akakisukuma kwa nguvu zake zote, kulia, halafu kushoto.

Hakichezi. Hilo ni kweli, na yuko tayari kuapa.

"Usiape!" mama humwambia kutoka nje. "Sugua."